Sahani ya Odilia na Jiko la Mwalimu Bazilio

Mwaka wa tisini na sita, mjini Kibondo, ilifika mahali mtu akiulizwa ni kitu gani kilichomgharimu zaidi kwenye sufuria ya maharage, hataji maharage. Anataja kuni. Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamejaa pande zote za wilaya, kila aliyeingia alikuwa na tumbo na alihitaji kupika, na msitu ambao zamani ulianzia nyuma ya nyumba za watu ulikuwa umesogea mbali. Wanawake waliondoka kwenda kuutafuta alfajiri na kurudi saa sita, shingo zimekakamaa. Mafuta ya taa yaliletwa na malori kutoka Kasulu, na mvua ikinyesha malori hayakufika.

Hapo ndipo Odilia Ndayikunda alipopata wazo lililomnyima usingizi.

Odilia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata pale ambapo hakuna anayemngoja. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa na miaka kumi, wakapewa shamba Kitahana, naye akakulia huko. Aliolewa na Marselino, fundi baiskeli wa pale sokoni, wakazaa binti, Jeanne, na tangu hapo mji mzima ukamwita Mama Jeanne. Kwa miaka miwili alikuwa mpishi wa shirika moja la misaada, akiwapikia wafanyakazi sitini kila siku. Kisha shirika likahamishia ofisi yake Kasulu. Odilia akabaki na barua ya shukrani na sufuria mbili kubwa.

Lakini alibaki pia na kitu alichokiona kule jikoni. Watu sitini walishiba kwa kuni ambazo nyumba nne za mtaani kwake zingemaliza siku hiyohiyo. Mara ya kwanza alipolitambua hilo alidhani amekosea, akalipima tena kesho yake, mzigo kwa mzigo. Hakuwa amekosea.

"Baba Jeanne, nisikilize kabla hujakataa," alimwambia mumewe asubuhi moja, Marselino akiwa amepiga magoti anaziba pancha.

"Sijakataa kitu."

"Utakataa. Nataka kuwapikia watu chakula na kuwapelekea mlangoni."

Marselino aliinua kichwa. "Watu gani?"

"Wauguzi wale wa hospitali. Walimu. Watu wa serikali walioletwa huku peke yao, hawana mke wala mume, hawana shamba. Mtu anatoka kazini saa nane amechoka, anaanza kutafuta kuni za kupikia sahani moja. Sahani moja, Baba Jeanne. Moto ule ule ungepika sahani ishirini."

"Watakwambia ni anasa. Chakula cha kuletewa ni cha mabwana wenye magari."

"Kitakuwa rahisi kuliko kupika wenyewe."

Marselino alicheka kidogo, akarudi kwenye pancha yake. "Kila kitu kinacholetwa mlangoni kina bei ya miguu iliyokileta," alisema.

"Miguu ni yako na baiskeli ni yako. Kwa hiyo bei tunaipanga sisi."

Alijenga jiko kwa mikono yake mwenyewe, kwa udongo wa kichuguu, lenye mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya sufuria, bila upenyo hata mmoja wa moto kutorokea. Pembeni aliweka kapu kubwa alilolijaza maganda makavu ya migomba. Maharage aliyaloweka tangu jioni, asubuhi akayachemsha kwa muda mfupi, kisha akaiepua sufuria ikiwa bado inatokota, akaizika ndani ya kapu, akafunika kwa blanketi kuukuu na kwenda zake sokoni. Aliporudi maharage yalikuwa yameiva yenyewe, laini, hayakudai hata kijiti. Siku ya kwanza alipofunua kapu na kuona hivyo, alisimama pale jikoni peke yake akitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akamwita jirani aje aone. Akamwita na wa pili.

Wateja wake wa kwanza walikuwa wauguzi wanne. Wa mbele kati yao alikuwa Loyce, mtu wa Mbeya, aliyehamishiwa Kibondo mwaka uliotangulia na ambaye alikuwa amekonda kwa kula chai na andazi. Kila mmoja alilipa shilingi mia mbili na hamsini kwa mlo, wa mchana na wa jioni. Ugali wa muhogo na maharage, au sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, au dagaa, na Jumatano samaki, migebuka. Marselino alifunga sanduku la mbao nyuma ya baiskeli kwa vipande vya mpira, hotipoti zikapangwa ndani, na safari zikaanza.

Wiki ya tatu Loyce alimletea habari.

"Mama Jeanne, unasemwa huko shule ya mlimani," alisema huku akirudisha hotipoti yake. "Kuna mwalimu anaitwa Bazilio, wa hesabu. Nilimwambia Mwalimu Makarius ajiunge na sisi, yule Bazilio akadakia. Anasema mwalimu atakayekula chakula cha kuletewa, mshahara wake hautafika tarehe kumi na tano. Anasema amepiga hesabu."

"Amepiga hesabu ya nani?"

"Sijui. Ila wote wamemwamini, maana ni mwalimu wa hesabu."

Odilia alifungua mkanda wa aproni. Loyce alidhani anakwenda kuosha vyombo. Kumbe anakwenda mlimani.

Alifika shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, akabisha hodi kwenye ofisi ya walimu. Mwalimu Mkuu, Mzee Stanislaus, Muha wa palepale Kibondo, alimkaribisha kiti. Odilia alimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akageukia Kiswahili ili wote wasikie.

"Nimekuja kumwona Mwalimu Bazilio. Nimesikia amenipigia hesabu, na mimi nataka kujifunza."

Bazilio alikuwa kijana mrefu wa Songea, mwenye shati lililopigwa pasi kwa uangalifu na lililoshonwa kola mara mbili. Alisimama. Hakuwa mtu mbaya, na Odilia aliliona hilo mara moja. Alikuwa mtu aliyebana kila senti kwa sababu alikuwa na wadogo zake wawili sekondari.

"Shikamoo, mama," alisema. "Sikukusudia kukuharibia. Nilisema tu ukweli. Mimi najipikia kwa stovu yangu. Wewe unanunua vitu sokoni kama mimi, kisha unaongeza faida yako, kisha unaongeza baiskeli. Haiwezekani chakula chako kiwe rahisi kuliko changu."

"Marahaba, mwanangu. Na kuni?"

"Natumia mafuta ya taa."

"Kiasi gani kwa wiki?"

Bazilio alijibu haraka. "Kiasi cha kawaida."

Walimu wakacheka. Makarius, kijana wa Sumbawanga anayefundisha Kiswahili, aliyekuwa akiishi chumba cha jirani na Bazilio, alisema kumbe mtaalamu wa hesabu hajui stovu yake inakunywa nini. Bazilio naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewaka.

"Basi tupime," Odilia alisema. Alisikia sauti yake mwenyewe imepanda. "Jumatatu mpaka Jumamosi. Mwalimu Makarius ale kwangu. Wewe ujipikie. Mwalimu Mkuu awe mwamuzi."

Mzee Stanislaus alipenda jambo hilo kupita kiasi. Alitoa kalamu akaandika masharti palepale. Bazilio ale vile vile atakavyokula Makarius. Akila viazi vya kuchemsha siku sita, huko si kupika, ni kujinyima. Kila anachonunua akiandike, hata chumvi na kiberiti. Na Odilia naye afike kwa wakati: kengele ya saa saba ikigongwa chakula cha mchana hakijafika, Makarius atakwenda kula mgahawani na bei ya huko itaandikwa upande wa Odilia.

"Na nyumba yangu je?" Mwalimu Mkuu aliuliza akiwa tayari amefunika kalamu. "Sisi tuko saba. Mke wangu, Mama Isack, naye aandike matumizi yake, tuone kama tungekula kwako ingekuwaje."

Hapo Odilia alipaswa kufikiri. Hakufikiri. "Na aandike," alisema.

Aliteremka mlima akiimba. Marselino alipoelezwa aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi. "Mama Isack ana shamba la mahindi Kitahana," alisema taratibu. "Ana mabinti watatu wa kutwanga. Utamshindaje yule?"

"Nimeshasema," alijibu Odilia.

Wiki ile mji haukuwa na habari nyingine. Wauguzi walikuwa upande wa Odilia, wauza mafuta ya taa upande wa Bazilio. Muuza dagaa mmoja sokoni alisema yeye yuko pande zote mbili maana wote wananunua kwake. Jumatatu ilikwenda vizuri. Jumanne ilikwenda vizuri. Jumatano Makarius alikula migebuka yake mbele ya ofisi, akanyonya miiba kwa makusudi, wakati Bazilio alikuwa bado amechuchumaa mbele ya stovu, akipangusa jasho na vumbi la chaki kwa mkono mmoja.

Alhamisi ikaja mvua.

Ilianza saa nne asubuhi, nzito, na barabara ya mlimani, udongo mwekundu mtupu, ikawa kama imepakwa sabuni. Marselino alifikisha hotipoti nne za hospitali bila shida, akaanza kupanda na ile ya Makarius. Odilia alikuwa jikoni akisikiliza redio ya jirani alipomwona mumewe anarudi kwa miguu, matope mpaka kiunoni, baiskeli inasukumwa na tairi ya mbele imepinda. Mkononi alishika hotipoti isiyo na mfuniko. Ndani kulikuwa na maji ya mvua na punje chache za maharage.

"Nimeanguka pale darajani," alisema. "Mama Jeanne, nisamehe."

"Umeumia?"

"Goti tu."

Redioni mtangazaji alisema ni saa sita na dakika thelathini na tano. Odilia alipiga hesabu ya dakika zilizobaki. Kisha akafunua sufuria iliyobaki, ile ya nyumbani kwake, akapakua ugali, maharage na sombe kwenye bakuli la enameli, akafunika kwa sahani, akalifunga lote ndani ya kanga, akajitwisha. Viatu akaviacha mlangoni, maana viatu vingemwangusha.

Kutoka kwake mpaka shuleni ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu wa kawaida, siku kavu. Odilia alikimbia. Alipita pembeni ambako nyasi zilishika miguu, mkono mmoja juu ya mzigo na mwingine ukipepea hewani kutafuta mizani. Mtu mmoja dukani alimwuliza nani amefariki. Hakumjibu. Darajani aliona alama ndefu pale baiskeli ilipoteleza, na maharage ya Makarius yamesambaa kwenye tope, kunguru wawili tayari wako kazini. Pumzi ilimwishia kwenye mwinuko wa mwisho, akapanda nusu yake kwa vidole vya miguu, akijiambia kwa Kirundi maneno aliyokuwa akiambiwa na mama yake walipokuwa wakivuka mto wakati ule, kwamba usitazame ulikotoka, tazama mguu wako unaofuata.

Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo ya baraza. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama chini yake, chuma mkononi, macho kwenye saa. Walimu wengine walikuwa wamejazana madirishani. Wa kwanza kumwona alikuwa Bazilio.

"Yule anakuja," alisema.

Odilia alipanda ngazi za baraza, akaitua kanga mezani mbele ya Makarius, akakaa sakafuni. Mzee Stanislaus alitazama saa yake, akaisogeza karibu na macho.

"Imebaki dakika moja," alisema. "Ingawa saa yangu si ya kuaminika sana."

"Amefika," alisema Bazilio. "Andika amefika." Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji, akampa Odilia kwa mikono miwili.

Mvua ile ile iliyomtesa Odilia ilizuia lori la mafuta huko njiani kutoka Kasulu. Ijumaa mchana stovu ya Bazilio ilikohoa mara mbili ikazima, na mji mzima hapakuwa na lita moja ya kuuzwa. Alinunua mzigo wa kuni, mbichi, zilizolowa, akawasha nyuma ya nyumba ya walimu. Moshi ulikuwa mwingi hata mwalimu wa darasa la tatu akafunga madirisha. Bazilio alipuliza mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili, na kengele ilipogongwa aliacha maharage motoni, akaenda kufundisha hesabu za sehemu akiwaza moto. Aliporudi alikuta sufuria imekauka na chini ni mkaa mtupu. Alimwaga yote, akaanza upya. Jioni ile alikula saa moja na nusu, peke yake.

Jumapili saa tisa walikutana ofisini. Odilia alikuja na Marselino aliyekuwa akichechemea, na Loyce aliyekuwa ameomba ruhusa ya saa moja kazini. Mama Isack, mke wa Mwalimu Mkuu, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha karibu, alikuwa amekaa tayari na daftari lake mapajani.

Upande wa Makarius ulikuwa mwepesi: siku sita, milo miwili, shilingi elfu tatu. Bazilio akafungua karatasi yake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri, kila kitu mahali pake, na alipofika maharage ya Ijumaa alisita.

"Hapa kuna maharage mara mbili," alisema. "Ya kwanza yaliungua."

"Yaliungua ukiwa unapika mwenyewe," alisema Loyce. "Yahesabiwe. Ndiyo gharama ya kujipikia."

Walimu wakaanza kubishana. Odilia aliitazama karatasi, akamtazama Bazilio, ambaye hakuwa amewaficha kitu ingawa angeweza. Alijua kilo ya maharage inaweza kuwa ndiyo yote aliyonayo ya kumshinda.

"Yaondoe," alisema. "Mvua iliniangusha na mimi mkakubali kunihesabia nimefika. Yaondoeni maharage yaliyoungua."

Marselino alimvuta kanga kidogo kwa nyuma. Odilia hakugeuka.

Mzee Stanislaus alijumlisha, kisha akampa Makarius ajumlishe, kisha akamrudishia Bazilio mwenyewe. Bazilio alipiga mstari chini ya hesabu yake, akaisoma bila kuinua macho.

"Elfu tatu na arobaini."

Loyce akapiga vigelegele, Makarius akagonga meza kwa viganja, na Marselino, mtu asiyependa makelele, akajikuta amesimama kwa goti bovu. Shilingi arobaini. Odilia alifunika uso kwa kanga akacheka mpaka machozi. Bazilio alitazama karatasi yake tena kana kwamba ingeweza kubadili mawazo, halafu na yeye mabega yakaanza kumtikisika.

"Arobaini ni bei ya andazi," alisema. "Nimeshindwa kwa andazi."

"Na saa zako?" Makarius aliuliza. "Umekaa mbele ya stovu saa mbili kila siku. Hizo hujaziandika. Mimi nimesahihisha madaftari ya darasa zima, nikalala mchana mara mbili."

"Saa zangu hakuna anayezinunua," alisema Bazilio, ila alisema kwa upole, na ilionekana neno lile limemwingia.

Ndipo Mama Isack akakohoa.

"Na mimi nisomewe," alisema.

Yeye kwa siku zile sita, watu saba, alitumia shilingi elfu nane na mia mbili. Unga ulitoka shambani kwake, maharage pia, mboga zilikuwa nyuma ya jiko, kuni waliziokota mabinti zake; alinunua samaki, mawese na chumvi tu. Kama wangekula kwa Odilia ingekuwa elfu ishirini na moja. Mwalimu Mkuu aliisoma ile tarakimu mara mbili, na safari hii waliocheka walikuwa upande mwingine.

Odilia alihisi damu ikimpanda usoni. Dakika chache zilizopita alikuwa ameshinda, na sasa alikuwa ameshindwa mara mbili na nusu mbele ya watu wale wale. Kulikuwa na maneno mengi angeweza kusema. Angesema shamba nalo lina jembe na mbegu, angesema mgongo wa Mama Isack na wa mabinti zake nao una bei. Yote yalikuwa kweli. Lakini alipomtazama mwanamke yule na daftari lake, alijua kwamba hata angeyasema yote, nyumba ya watu saba isingekula sahani zake, wala haikupaswa.

"Mama Isack amenishinda," alisema, akasimama ili wote wamwone. "Mwenye watoto na shamba asinunue kwangu, atapoteza pesa yake. Nitamwambia hivyo mwenyewe akija mlangoni. Lakini mtu aliye peke yake, anayewasha moto wa sahani moja, huyo aje. Huyo namsaidia kweli, na nimelithibitisha mbele yenu."

Mama Isack aliinuka, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akamwambia sikioni kwa Kiha kwamba kuanzia sasa maharage anunue kwake, kwa debe, bei ya nduguze. Odilia alipiga hesabu kichwani palepale akiwa bado amebanwa kwenye kumbatio, akaona kila sahani itampunguzia shilingi kumi na tano. Alikumbatia zaidi.

Maneno yale ya kwamba mwenye familia asinunue yalizunguka mji haraka kuliko tangazo lolote. Watu walisema muuzaji anayefukuza wateja hawezi kuwa mwongo. Jumatatu walikuja walimu watatu, Jumanne karani wa mahakama na bwana shamba, mtu wa Moshi ambaye hakuwahi kupika maishani mwake na alikuwa akiishi kwa mikate. Bazilio alikuja Alhamisi, akasimama mlangoni akikunjakunja kofia.

"Nitakula kwako siku sita," alisema. "Jumapili nitajipikia mwenyewe. Kuna pilau ya mama yangu, sitaki kuisahau."

"Jumapili unipakulie na mimi," alijibu Odilia.

Ilipofika Krismasi alikuwa na wateja kumi na tisa. Marselino alikuwa ameacha kuziba pancha asubuhi, akanunua baiskeli ya pili na kumwajiri binamu yake Niyitegeka aendeshe upande wa hospitali. Jiko la pili lilijengwa kando ya lile la kwanza. Februari Loyce akahamishiwa Kasulu, na haikupita wiki mbili barua ikaja kwa mkono wa dereva wa lori: huku tuko wauguzi wanane, hakuna mtu wa kutupikia, nimewaambia kuhusu wewe, wanadhani natunga.

Odilia alisoma barua ile amesimama barabarani. Mdogo wake, Esteri, alikuwa ameolewa Kasulu na alikuwa na uwanja mkubwa nyuma ya nyumba na mikono isiyo na kazi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Odilia alipanda lori lile lile, akakaa mbele na hotipoti tatu mapajani, ndani ya hotipoti moja ameweka bonge la udongo wa kichuguu, kwa sababu hakujua kama Kasulu kuna udongo mzuri kama ule. Dereva alimwuliza anakwenda kufanya nini na udongo.

Alimweleza. Alianza na kuni, akaja kwenye kapu la maganda ya migomba, akafika kwa Mwalimu Bazilio na shilingi arobaini zake, na walipokuwa wanapita vijiji vya katikati dereva alikuwa amepunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Mimi nalala peke yangu Kasulu siku nne kwa wiki," alisema mwishowe. "Huyo mdogo wako anaanza lini?"

"Jumatatu," alisema Odilia, ingawa Esteri mwenyewe alikuwa hajaambiwa chochote.